Dereva Ni Mmoja Tu

Tarehe 4 Aprili

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia. Nilifika salama. Begi moja lilichelewa siku mbili, lakini lilikuja na kila kitu, isipokuwa ile chupa ya manukato ya mke wangu iliyopasukia ndani ya suruali zangu. Sasa nikipita mtaani watu wanageuka wakidhani kuna bibi harusi.

Mke wangu hajambo, cherehani yake haijalala tangu nirudi, ni msimu wa sare za shule. Mama yako naye hajambo, miguu tu inamsumbua asubuhi. Alikuja siku ileile niliyofika, akakaa hadi jioni, akataka kusikia yote.

Nimewasimulia. Nimewaambia jinsi kila Jumamosi tulivyokwenda kwenye ile ofisi ya kukodisha magari, yule dada wa kaunta akalizunguka gari na karatasi yake akiandika kila mchubuko, kisha tukatoka nje ya jiji tumejifunga mikanda kama marubani. Nimewaambia habari za ziwa, Jumamosi ya kwanza, na ule mji mkongwe wenye ngome, Jumamosi ya pili. Madereva wenzangu pale kijiweni, nyuma ya kituo cha mafuta, hawachoki kuuliza. Wameshanipa jina, wananiita Ng'ambo. "Ng'ambo, hebu tuambie, barabara za huko zina mashimo?" Nawaambia hata la kupitisha uzi hakuna.

Jumamosi ya tatu siisimulii sana. Nyumbani wanajua tu kwamba wakati wa kurudi kutoka milimani ulimgonga mzee mwenye baiskeli, polisi wakaja. Mama yako amesikitika. Amesema tangu utoto ulikuwa mtu wa haraka haraka. Nilitaka kusema kitu, lakini chai ikaletwa.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu hapa simu ikilia tu inawekwa spika, nyumba nzima inaingia humo ndani.

Yule mzee anaendeleaje?

Mjomba wako


Tarehe 9 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ilifika zamani. Niliiweka juu ya friji, na kila nikichukua maziwa naiona, najiambia leo, leo, mpaka mwezi umekatika.

Huku baridi imepungua. Jirani wa juu ameanza kujifunza tarumbeta, kwa hiyo sasa jengo zima tunaamka pamoja. Mimi ni mzima. Kazini ni kama kawaida. Siku hizi nakwenda kwa treni na basi, natembea sana, nasikia ni vizuri kwa moyo.

Mzee anaendelea. Mguu ulivunjika mahali pawili, wameutia vyuma. Ameshatoka hospitali.

Mama alinipigia. Hakungoja nimwamkie. Alisema, "Nimekulea uende kuwavunja wazee wa watu?" Halafu akampa simu mke wako, naye akaniambia gari si cherehani, halikanyagwi tu. Nilikuwa kituoni, watu wamenizunguka. Nikasema nimesikia. Kila walichosema, nikasema nimesikia.

Siwalaumu. Mimi ndiye niliyewaambia polisi kwamba nilikuwa naendesha. Mimi ndiye niliyekuvuta mkono nikakuambia hamia kiti changu, upesi, na wewe ukahama. Hakuna aliyenilazimisha. Lakini kuna swali nililoshindwa kukuuliza uwanja wa ndege, ulivyokuwa umeshika pasipoti kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika sahani ya moto.

Wewe ndiye uliyekuwa kwenye usukani, Mjomba. Barabara ilikuwa imenyooka. Jua lilikuwa nyuma yetu. Ulimwona?

Mpwa wako


Tarehe 18 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Usinishangae kwa kukawia. Nyumba imekuwa na shughuli nyingi. Bati la jikoni lilikuwa linavuja, nikasimamia fundi. Alitengeneza siku tatu, sasa linavuja mahali pengine. Binti wa jirani ameolewa, mke wangu ameshona nguo za wasimamizi wote sita, na wa saba amejitokeza asubuhi ya harusi yenyewe akisema alisahauliwa. Tumecheka sana.

Umeniuliza swali. Mimi nimeendesha lori la saruji miaka thelathini na moja. Nimeshuka mteremko breki zimegoma na nimefika chini nikiwa napiga mluzi. Dereva haulizwi swali kama hilo, na aliyemfundisha mtu kuendesha haulizwi na mwanafunzi wake.

Huko kwenu mnaendesha upande ambao sikuuzoea. Gari lenyewe halina gia za kubadilisha, linakwenda kama linaota. Na mtu gani anasukuma baiskeli kando ya barabara kuu amevaa nguo za giza? Mtu asiyetaka kuonekana haonekani.

Basi, tusilirudie hili. Mama yako analalamika hupokei simu zake. Mpokelee, ni mzazi.

Jumapili iliyopita tulikuwa na kikao cha ukoo hapa kwangu. Wamekuombea uwe mwangalifu barabarani. Mwenyekiti nilikuwa mimi.

Mjomba wako


Tarehe 2 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Huku wote hatujambo, na wote ni mimi na ua la dirishani.

Koti lake lilikuwa la njano. Lile la kung'aa wanalovaa watengeneza barabara. Liko mpaka leo, limetundikwa nyuma ya mlango wake, nimeliona kila Jumapili, maana kila Jumapili nakwenda kumwona.

Nilikuandikia kwamba kazini ni kama kawaida. Si kweli. Leseni yangu ilichukuliwa siku ya nne baada ya wewe kuondoka. Unajua kazi yangu: muuguzi wa kuzungukia wagonjwa majumbani, huyu sindano, yule kidonda, na gari la ofisi. Bila leseni siwezi. Wamenipeleka chumba cha chini cha hospitali, kwenye dobi. Nakunja shuka. Mashine zinanguruma kiasi kwamba hatuongei, tunaonyeshana kwa vidole. Kesi itasikilizwa tarehe 24 Septemba.

Yule mzee alikuwa tarishi, amestaafu. Amesambaza barua za watu kwa miguu na baiskeli maisha yake yote. Sasa hawezi kupanda ngazi ya kwenda chumbani kwake, kitanda wamekishusha sebuleni, kimebanana na meza ya kulia. Anaishi peke yake. Namfungia mguu, namfulia, namsomea gazeti. Siku ya kwanza aliniuliza bila ukali, "Ulikuwa unaangalia nini, binti?" Nikamwambia nilizubaa. Nilikuwa nakumenyea wewe chungwa.

Usidhani nakuandikia nikiwa msafi. Mimi pia nina langu, na ndilo linalonikosesha raha kuliko shuka zote.

Kule ziwani ulimimina chai nje ya kikombe, ukacheka, nikacheka. Kule kwenye ngome ulishuka ngazi ambayo haikuwepo, nikakudaka. Kila kibao uliniambia nikusomee kwa kuwa hujui lugha ya huku. Lakini namba hazina lugha, Mjomba, na namba pia ulitaka nikusomee. Mimi ni muuguzi. Niliona. Niliona tangu Jumamosi ya kwanza.

Asubuhi ya Jumamosi ya tatu yule dada wa kaunta aliuliza kama anavyouliza kila mteja, "Dereva ni mmoja tu?" Nikasema mmoja tu, nikatia sahihi. Kisha jioni ukasema, "Niachie kidogo, nisirudi nyumbani bila kushika usukani wa ng'ambo." Niliona haya kukunyima. Nilijifunzia kuendesha kwenye lori lako, na lori hilohilo ndilo lililonisomesha. Ningeanzaje kukuambia huoni? Nikasimamisha gari, nikazunguka, nikakaa upande wako. Nilijiambia ni kilomita chache, barabara ni tupu.

Mzee wa watu hatembei kwa sababu mimi niliona haya.

Sasa nijibu.

Mpwa wako


Tarehe 29 Agosti

Mpwa wangu,

Ningependa kuanza na habari za nyumbani kama inavyopasa, lakini nikianza nazo sitafika. Hatujambo. Tosheka na hilo.

Sikumwona. Niliona rangi ya njano, nikadhani ni kibao. Nikakuambia, "Nisomee hicho." Wewe ukainua kichwa kutoka kwenye chungwa, ukapiga kelele, na palepale nikasikia kishindo. Ndivyo ilivyokuwa. Sijawahi kulisema hili kwa sauti, hata nikiwa bafuni peke yangu.

Ni presha ya macho. Naona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Pembeni kote ni ukungu, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Nimejua kwa miaka mitano. Unakumbuka nilivyostaafu? Sikustaafu. Niliigonga nguzo ya geti la ghala mchana kweupe, geti nililolipita maelfu ya mara. Bosi akanituma kwa daktari wa macho. Daktari akaniambia, mzee, usukani basi. Nilirudi ofisini nikaomba jambo moja tu, waseme nimestaafu kwa heshima. Wakakubali. Wakanifanyia sherehe, mkaja nyote mmevaa vizuri, mama yako akatoa hotuba kwamba kaka yake hajawahi kumkwaruza hata kuku. Nilipigiwa makofi. Na mimi nikapunga mkono.

Daktari alinipa dawa ya matone. Niliiacha baada ya miezi miwili kwa sababu mke wangu angeuliza ni ya nini.

Polisi walipokuja mimi sikujua lugha, lakini nilielewa. Uliposema "mimi" na kujigusa kifua, nilielewa. Nilikaa kwenye kiti chako, maganda ya chungwa mapajani, nikajifanya mgeni asiyejua kitu. Mzee analia kwenye majani, mimi nayatazama maganda. Kisha nimerudi hapa, nimekaa kwenye kiti cha mwenyekiti, wakakuombea wewe, na mimi nikaitikia. Sauti yangu ndiyo iliyokuwa juu kuliko zote.

Jumatatu nilimwambia mke wangu. Alisimamisha cherehani. Akasema, "Kwa hiyo mimi nimemtukana mtoto wa watu kwa kinywa changu hiki, na wewe umekaa hapo unapuliza chai?" Siku nne sasa hanisemeshi. Chakula anaweka mezani, anasema tu, "Kiko mkono wako wa kulia," kwa sauti ile anayowapa wateja wasumbufu.

Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi mbili. Moja ni maelezo yangu, nimeyaandika na kuyatilia sahihi mbele ya wakili, kwamba aliyekuwa akiendesha ni mimi na kwamba nilijua siruhusiwi. Ya pili ni ya daktari, ya miaka mitano iliyopita. Najua zitakuumiza pia, maana uliwaambia polisi vingine. Kwa hiyo sijazituma mahakamani. Nimekutumia wewe. Ukizipeleka, peleka. Ukizichana, sitakuuliza.

Mama yako bado hajui. Nimefika mlangoni kwake mara mbili. Nikaulizia habari za miguu yake, nikarudi.

Mjomba wako


Tarehe 8 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo. Mpe pole mke wako, na mwambie sina kinyongo naye.

Karatasi zako nilikaa nazo siku kumi. Sitakudanganya, siku mbili kati ya hizo nilitaka kuzichana. Nilikuwa nimeshakizoea kile chumba cha mashine, na uongo wangu ulikuwa umeshapata njia yake. Watu wa dobi walikuwa wananionea huruma, na huruma ina utamu wake.

Nilimpelekea kwanza yule mzee. Niliona si haki asikie mahakamani. Nikamtafsiria mstari kwa mstari, yeye amekaa kitandani, mguu umenyooshwa juu ya stuli. Nilipomaliza akaniomba nirudie pale uliposema uliona rangi ya njano. Nikarudia. Kisha akasema, "Miezi yote hii umekaa kwenye kiti hicho."

"Ndiyo."

"Ukaniangalia usoni ukasema ulizubaa."

"Ndiyo."

"Mguu nilishausamehe," alisema. "Wewe nilikuwa nakungoja kila Jumapili. Nilikuwa nanyoa ndevu." Akaniomba niache mezani ufunguo wa nyumba alionipa na nifunge mlango nikitoka.

Nimewahi kuwafumba macho wagonjwa waliokufa mkononi mwangu, lakini sijawahi kutembea njia ndefu kama ile ya kutoka kwake hadi kituo cha basi.

Kisha nikazipeleka. Hakimu alikuwa mama wa makamo, mpole, na upole wake ndio ulionimaliza. Aliuliza kwa nini nilisema uongo. Mwanasheria wangu alikuwa ameniandalia jibu zuri kuhusu hofu na mapenzi ya familia. Nikaona halinitoki. Nikasema niliona haya. Akaandika.

Leseni nimefungiwa miaka miwili. Nimepewa kazi za jamii, nitasafisha bustani za umma siku zangu za mapumziko. Bodi ya wauguzi imenisimamisha mwaka mmoja, baada ya hapo nitaomba upya na huenda wakanikubali. Mpaka wakati huo ni shuka. Jina lako limeandikwa kwenye jalada. Ukija tena huku, kitu kama gari usikikaribie isipokuwa kama abiria.

Nilikwenda pia kwenye ofisi ya magari. Ilibidi wapate nakala ya hukumu. Yule dada wa kaunta aliisoma yote akiwa amesimama, foleni nyuma yangu inasubiri. Aliponyanyua uso akasema, "Lakini nilikuuliza." Hakusema kwa hasira. Nilitamani angefoka.

Sasa naomba kitu kimoja, na nakiomba kama mpwa, kwa adabu zote. Sikuyafanya haya kwa kukupenda, ingawa nakupenda. Usije ukawaambia watu kwamba nilijitoa mhanga kwa ajili yako, ukanifanya malaika. Waambie lililotokea tu. Na mama yangu mwambie wewe. Mimi sitamwambia. Hilo ni lako.

Mpwa wako


Tarehe 30 Oktoba

Mpwa wangu,

Marahaba. Mwandiko huu ni wa mke wangu, maana mistari siku hizi inanikimbia. Mimi nasema, yeye anaandika. Ameniambia nikitia chumvi ataacha kalamu. Nimeanza tena matone, anayatia mwenyewe asubuhi na jioni, kwa mkono mzito kidogo. (Si mzito. Anapepesa macho kama mtoto.) Hayo ya kwenye mabano ni yake.

Nimeitisha kikao cha ukoo Jumapili. Watu wamejaa, wakidhani ni habari za harusi. Mama yako amechelewa, ikabidi tungoje, na katika kungoja kule nilitafuta sababu saba za kuahirisha. Alipokaa nikasimama. Nilikuwa nimeandaa utangulizi, nikausahau. Nikasema, "Aliyemgonga yule mzee ni mimi. Sikumwona, kwa sababu sioni, na nilijua kwamba sioni."

Mama yako akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Na mwanangu?" Nikamwambia: mwanao alinipa usukani akijua macho yangu mabovu, kisha akawadanganya polisi, na sasa ameyasema yote mbele ya hakimu. Nimelisema kama ulivyotaka, bila malaika.

Akaniuliza, "Siku ile nasema mtoto wangu ni wa haraka haraka, wewe ulikuwa wapi?"

Nikasema, "Nilikuwa nimekaa karibu yako."

Hakunipiga. Ningefurahi angenipiga. Alivaa viatu vyake, akatoka. Wenzangu wamenivua uenyekiti palepale, amepewa mdogo wangu, na sikubisha. Jana nilikwenda kijiweni, nikawaambia madereva pia. Mmoja akanisogezea benchi ili nisijigonge. Hawaniiti Ng'ambo tena. Hawaniiti kitu chochote.

Kuhusu yule mzee: nimemwandikia, barua imo humu, haina maelezo mengi. Ukiona inafaa, itafsiri, kisha itumbukize mlangoni kwake usibishe hodi. Ukiona haifai, iache.

Sasa sikiliza, hili ndilo lililonifanya nimkalishe mke wangu chini leo wakati ana kazi za watu. Mama yako alipotoka kwenye kikao alisimama kwenye ukuta wa nje, akakupigia. Labda ulikuwa kwenye zile bustani, haikupokelewa. Akapiga tena. Tulimwona dirishani, amesimama na viatu vyake vizuri kwenye matope, anapiga, anaangalia simu, anapiga. Hakuingia mpaka watu wote walipoondoka. Juzi alikuja hapa kumwomba mke wangu amsaidie kukuandikia ujumbe. Wakaanza mara nne, mara nne akasema futa.

Unamjua. Hajui kuomba radhi, hakufundishwa, wala sisi kwetu hatukufundishwa, ndiyo maana tumefika hapa. Atapiga tena. Atakuuliza kama umekula. Atakuuliza kama huko kuna baridi. Atanyamaza katikati mpaka udhani simu imekatika.

Usikate. Mwambie umekula.

Mjomba wako